Kumtafutia mbwa mahali pa kuogelea Mbeya: maji safi yana wenyewe

Mbwa wetu anaitwa Bosi. Mama yake ni mbwa wa kienyeji wa hapa hapa Isyesye, baba yake German Shepherd wa jirani, na kwa baba alirithi mwili mkubwa pamoja na nyonga mbovu. Alipotimiza miaka saba akaanza kuinuka kwa taabu asubuhi, hasa Juni na Julai baridi ya Mbeya inapokaza. Akikimbia, miguu ya nyuma inakwenda yote miwili pamoja badala ya kupishana. Ngazi za barazani zikamshinda, akawa analala chini kwenye majani yenye umande, yeye ambaye tangu mdogo alilala mlangoni kwetu.

Daktari wa mifugo alimlaza, akaukunja na kuukunjua mguu taratibu, akasema nyonga hazikukaa sawasawa tangu utoto na sasa gegedu linalika. Akaandika dawa ya maumivu ya mbwa, akatuonya kwa ukali tusimpe kamwe diclofenac wala ibuprofen zetu za nyumbani, maana zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo. Kisha akataja mambo mawili ambayo hayanunuliwi dukani: mbwa apungue uzito, na aogelee. Majini mwili unabebwa na maji, misuli ya mapaja inafanya kazi yote huku nyonga ikipumzika na mzigo. Misuli ikikaza, ndiyo inayoshikilia nyonga.

"Aogelee wapi, daktari?"

"Hapo ndipo kazi ilipo, Mama Neema. Maji Mbeya yapo. Tafuta ambapo hutagombana na watu na mbwa hataugua."

Naandika kwa sababu tangu majirani waone Bosi anapanda tena ngazi, naulizwa mara kwa mara tunampeleka wapi. Jibu ni refu kuliko jina la mahali.

Tulianza karibu na nyumbani, kwenye mabonde ya upande wa Uyole. Kule juu kuna kijito kinachotoka mlimani, maji meupe, unaona kokoto chini. Tulifika asubuhi, mimi na kijana wangu, Bosi akiwa na kamba. Kabla hajatia mguu, mama mmoja mtu mzima alinyanyua mkono kutoka ng'ambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mbwa mnampeleka wapi?"

Nikamweleza habari ya nyonga. Alisikiliza mpaka mwisho, na alimhurumia Bosi kweli, nilimwona usoni. Halafu akasema, "Pole yake. Lakini haya maji tunakunywa. Pale chini penye mti ndipo tunapochota. Na kuna nyumba za Waislamu pale, wakisikia mbwa ameingia, leo hawatachota." Akauliza kama ana chanjo. Nikatoa kadi mfukoni, akaiangalia, akatikisa kichwa kukubali, lakini neno lake halikubadilika.

Alikuwa na haki, na ningependa kila mwenye mbwa aanzie hapo. Kwa wafuasi wa Shafii, madhehebu yaliyoenea zaidi miongoni mwa Waislamu wa nchi hii, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Unaweza kuingia kwenye mjadala wa maji mengi yanayotiririka yana hukumu gani, lakini mahali pa kuchotea maji hapafai kwa mjadala huo. Tena hofu ya mbwa haitokani na dini peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili haurudi nyuma. Mama anayekuta mbwa mkubwa asiyemjua karibu na watoto wenye ndoo ana kila sababu ya kuuliza. Sheria nayo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji shughuli zinazoweza kukiharibu.

Yeye ndiye aliyetuelekeza kwa mwenyekiti wa kijiji, na kuanzia siku ile sijawahi kwenda kwenye maji yoyote bila kupitia kwa mwenyekiti au balozi kwanza. Mwenyekiti alitueleza jinsi mto unavyogawanywa: juu kabisa watu wanachota, chini yake wanafulia, chini zaidi ng'ombe wanakunywa. "Mbwa wako aende chini ya ng'ombe," akasema, "hapo hakuna wa kukusumbua." Akatupa kijana wa kutuonyesha.

Chini ya ng'ombe ni bonde la viazi. Wanaoijua nchi hii wanajua viazi vya nyanda hizi vinavyolimwa: mvua na ukungu vikishikana, mkulima anapuliza dawa kila baada ya siku chache, la sivyo ugonjwa wa ukungu wa majani unamaliza shamba. Bomba la kupulizia likiisha dawa linasuuzwa mtoni, kwa sababu maji yako pale. Siku hiyo alikuwepo mtu anasuuza bomba nyuma ya kona, hatukumwona. Bosi aliogelea vizuri, akafurahi, akanywa akiwa anaogelea kama mbwa wote wanavyofanya.

Jioni akaanza kutoa udenda mwingi, akatapika, misuli ya mapajani ikawa inacheza yenyewe, mboni za macho zikawa vidoa vidogo. Sijawahi kuogopa vile kwa ajili ya mnyama. Tulimbeba kwenye bajaji tuliyoibembeleza kwa nauli mara tatu. Daktari akaangalia macho, akauliza kuna mashamba karibu, akachoma atropini. Alikesha naye. Matibabu, dripu na usafiri vilikula fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa sare za shule, na bado nasema tulikuwa na bahati, kwa kuwa daktari alikuwa karibu na dawa ilikuwepo.

Alituachia maelekezo ambayo nayarudia kwa kila anayeniuliza. Ukihisi mbwa ameingia kwenye maji yenye dawa ya shamba, muoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi, wewe ukiwa umevaa glavu, na umzuie asijilambe. Usimpe maziwa wala mafuta kwa imani kwamba yanakata sumu. Rudi shambani au mtume mtu akapige picha karatasi ya chupa ya dawa, kwa sababu matibabu yanategemea ni dawa ya aina gani. Na josho la ng'ombe, hata likionekana limetulia na maji yake yanang'aa, usimsogeze mbwa: yale ni maji ya dawa ya kuua kupe tupu, pamoja na mfereji unaotoka humo.

Baada ya hapo nilikaa na mume wangu tukalitazama jambo lenyewe lilivyo. Kule kwenye maji safi, watu wanakunywa. Kule ambako watu wameacha kunywa, wameacha kwa sababu. Kumtafutia mbwa maji nyanda za juu kusini ni kutafuta nafasi ndogo iliyo katikati ya hayo mawili, na nafasi hiyo haionekani kwa kutazama maji. Inaonekana kwa kuwauliza watu wanaoishi juu ya mkondo wanafanya nini na maji yale.

Watu walitutajia sehemu maarufu, nazo tulizifikiria moja moja. Ziwa Ngozi ni la ajabu, lakini limo ndani ya shimo la volkano lenye kuta zilizosimama, katikati ya msitu wa hifadhi. Kumteremsha mbwa mwenye nyonga mbovu kwenye ule mteremko na kumpandisha tena ni kumwongezea ugonjwa tuliokwenda kuutibu. Daraja la Mungu na Kijungu, pale Mto Kiwira unapopita kwenye mwamba, ni pa kutazama tu. Maji yanabanwa yakaingia kwa nguvu chini ya mawe, kitu kikivutwa hakitoki. Ziwa Masoko kule Tukuyu limetulia na linapendeza, lakini nalo ni la kreta, kina chake kinapita mita 30 na ukingo unazama ghafla. Mbwa anayechoka hana mahali pa kusimama.

Upande huo wa Rungwe kuna jambo jingine ambalo wenye mbwa hawaambiwi. Ardhi ile bado inatoa hewa ya ukaa kutoka chini. Karibu na mlima Kyejo inavunwa na kujazwa kwenye mitungi kwa biashara. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na siku isiyo na upepo inalala kwenye mabonde madogo na mashimo. Mtu aliyesimama anaweza asisikie kitu, wakati pua ya mbwa iko chini kabisa. Ukiona chemchemi baridi inayotoa mapovu, au wadudu na ndege waliokufa shimoni, mvute mbwa wako uondoke, na wenyeji watakuambia ni mashimo gani hata ng'ombe hawapelekwi.

Kitulo haigusiki. Ile ni Hifadhi ya Taifa, kama Ruaha, na mbwa haruhusiwi kuingia. Kuna rafiki aliyeniambia huo ni ukali usio na sababu. Sababu ipo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Ruaha ina simba wengi na ina mbwa mwitu, ambao ni wachache mno Afrika nzima. Mbwa wangu mmoja asiye na dalili anaweza kuwaachia ugonjwa.

Iringa nilikwenda kumtembelea dada yangu, nikauliza kule pia. Ruaha Mdogo inapita chini ya mji, inashawishi sana ukiitazama kutoka daraja la Ipogolo, lakini mji unachota maji yake ya bomba kwenye mto huo huo. Ukitaka kumwogelesha mbwa lazima ujue chanzo kiko wapi na uwe chini yake, halafu uulize kuhusu bustani za mboga za pembeni, yale yale ya bonde la viazi. Kuhusu Bwawa la Mtera sina maneno mengi: kuna mamba na viboko. Usiende na mbwa.

Ziwa Nyasa ndilo lililotupa matumaini ya kwanza. Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu, Kyela, Ipinda, mpaka Matema, na ni kushuka kweli: mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya 500. Mbwa aliyezoea baridi ya Mbeya anafika Kyela ulimi nje. Tulikodi Noah kwa zaidi ya laki mbili kwenda na kurudi, dereva akataka turubai juu ya viti na hela ya kuosha gari, na hakukosea. Mabasi na Hiace hazimbebi mbwa mkubwa, usipoteze asubuhi yako stendi. Tulisimama kila baada ya muda kumnywesha na kumtembeza kivulini. Nyumba za wageni karibu zote zilimkataa, mpaka tukapata moja iliyokubali alale nje kwenye uzio, nasi tukalala tukiwa tumefungua dirisha ili atusikie.

Wavuvi wa pale ndio walimu wa kweli. Mzee mmoja, nilipomwamkia na kumweleza shida, alitutembeza ufukweni kabla hajaturuhusu kuingia. Alituonyesha mahali wanapoanika dagaa, akasema mbwa akila pale tutalipa, na akasema pia tuangalie mchanga, kuna ndoano na vipande vya nyavu. Akatukataza kabisa midomo ya mito inayoingia ziwani, kwa sababu ya mamba. "Maji yakiwa na tope, ni ya mamba," akasema. Upande ambako milima ya Livingstone inazama ziwani tusiende pia, kwa kuwa kina ni kikubwa mara moja. Akatuchagulia sehemu ya mchanga, maji meupe, hayana majani, mawimbi madogo, karibu na mitumbwi ili wakiwepo watu watuone.

Hapo Bosi aliogelea bila kudhurika kwa mara ya kwanza. Alitoka majini, akajikung'uta, akarudi mwenyewe bila kuitwa. Mume wangu, ambaye kwa muda wote alikuwa akisema gharama hizi ni za mtoto wa mtu, alivua viatu akaingia naye.

Lakini Nyasa ina kichocho, na hilo linamhusu aliyevua viatu. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini wanaokaa penye majani na maji yaliyotulia, vinapenya kwenye ngozi. Kaa mbali na majani, jikaushe kwa taulo mara tu unapotoka, na baadaye nenda ukapime. Dawa yake, praziquantel, inapatikana na inatibu. Sisi tulipima. Na kwa vyovyote Matema haiwezi kuwa matibabu ya kila wiki kwa mtu anayeishi Isyesye. Mazoezi ya nyonga yanataka marudio, kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Safari moja ya laki mbili ni sikukuu.

Kutoka Kyela tulirudi na kitu kimoja chenye faida: maboya ya nyavu. Jaketi la kuelea la mbwa halipo madukani kwetu. Fundi wa mabegi pale Mwanjelwa alinishonea moja kwa turubai na mikanda ya mabegi, maboya yamepangwa mbavuni na moja chini ya kidevu, na juu mgongoni akaweka mshikio wa kumnyanyulia. Elfu ishirini na tano. Usikubali fundi aweke sponji ya godoro. Inanyonya maji na kumzamisha mbwa. Jaribu kwanza kwenye beseni kubwa au maji ya magotini, uone kama linamlaza ubavu.

Suluhisho lilitoka mahali ambapo hatukupafikiria. Daktari alitutajia mzee mmoja mwenye shamba la kahawa na parachichi upande wa Mbalizi, ambaye amechimba lambo la kumwagilia. Lambo hilo linajaa kwa mvua na kwa mfereji wake mwenyewe, hakuna kaya inayokunywa humo, hakuna ng'ombe wa kijiji. Maji yana mwenyewe mmoja, ambaye unaweza kukaa naye chini mkazungumza. Laiti ningejua tangu mwanzo kwamba mazungumzo ndiyo yenye thamani, ningeokoa fedha nyingi za mafuta.

Tulikwenda bila mbwa siku ya kwanza, na nakushauri ufanye hivyo. Tulipeleka sukari na sabuni, tukaongea na mzee na mkewe barazani, tukamwonyesha kadi ya chanjo. Mkewe ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuhusu kuku wake. Tukakubaliana Bosi atafungwa kamba kuanzia getini mpaka majini, tutalipa shilingi elfu tano kila tukija, na kuku akiuawa tunalipa bei ya sokoni. Tuliandika kwenye karatasi, balozi akashuhudia. Mzee akaongeza masharti yake: wiki anayopuliza dawa tusije, na msimu wa kukoboa kahawa mbichi tusije, kwa sababu maji ya kuoshea kahawa huwa yanatiririkia sehemu ya chini na yanachacha. Maganda ya kahawa yenyewe ni hatari kwa mbwa akiyala.

Halafu tukalizunguka lambo kwa fimbo ndefu. Tulipima kina, tukatoa seng'enge iliyokuwa imezama, tukatambua lilipo bomba la kuvutia maji ili asilisogelee mashine ikiwa inafanya kazi. La muhimu kuliko yote tulitazama ukingo. Malambo mengi mapya ya wakulima wa parachichi yametandikwa karatasi nene la plastiki, na hayo sitaki uyakaribie na mbwa kabisa. Plastiki ikilowa na kuota utelezi hakuna kucha inayoshika; mbwa anazunguka akitafuta pa kutokea mpaka anaishiwa nguvu, na hata mtu mzima amewahi kufia humo. Lambo la mzee ni la udongo, upande mmoja umelala kwa sababu trekta ilipita pale wakati wa kuchimba. Bosi anaingia kwa kutembea na anatoka kwa kutembea. Hilo tu lilitosha kuniamulia.

Tulianza na maji ya kifuani, dakika mbili tatu, kisha anapumzika nje akiwa amekauka. Hatukumsukuma. Watoto wa shambani walitaka kumrusha ndani kwa furaha yao, ikabidi niwaombe kwa upole, maana mbwa aliyerushwa mara moja anaweza asiyaamini maji tena. Kitu cha kumrushia ni kandambili kuukuu: inaelea, ni bapa, anaishika bila kuachama sana. Mpira mkubwa unamfanya abaki mdomo wazi na kumeza maji kila anapoufuata, na mbwa mdogo au mwenye pupa anaweza kunywa mengi mpaka chumvi ya mwilini ikashuka. Dalili ni tumbo kujaa, kuyumba, kutapika, na hilo linaua haraka. Kwa hiyo mapumziko ni lazima hata kama anakulilia kuendelea.

Mnyororo wa shingoni mvue. Unashika mizizi na mawe.

Baridi ya Mbeya ni adui ambaye tunamdharau kwa sababu tumemzoea. Tunakwenda saa sita mchana, kamwe si asubuhi, na Juni mpaka Agosti tunakwenda siku yenye jua tu. Tunabeba mataulo mawili na blanketi la Kimasai. Akianza kutetemeka au kuburuza mkia uliolegea tunaacha hapo hapo. Masikio yake yamesimama kwa urithi wa baba, yanakauka kirahisi, lakini rafiki yangu mwenye mbwa wa masikio yanayolala aliteseka na usaha kwa muda mrefu. Kausha kwa kitambaa kikavu mpaka unapoona kwa jicho, usiingize kijiti, na umuulize daktari dawa ya kusafishia. Mafuta ya karanga ambayo watu hushauri yanafungia unyevu ndani.

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, lambo linapungua na jua ni kali. Mwaka jana mzee alinipigia simu nisije: juu ya maji palikuwa na utando wa kijani, kama mtu amemwaga rangi ya ukuta. Huo ni mwani wenye sumu, ile aina ya buluu-kijani inayostawi kwenye maji ya joto, yaliyotulia, yenye mbolea au samadi. Sumu yake inaharibu ini au mishipa ya fahamu, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kujilamba manyoya tu. Huwezi kujua kwa macho utando upi una sumu na upi hauna, kwa hiyo ukiuona, rudi nyumbani. Mvua kubwa za masika nazo zinaleta tope na takataka. Miezi mizuri kwetu ni Mei, maji yakishatulia, na Septemba.

Kuhusu chanjo, ya kichaa cha mbwa peke yake haitoshi kwa mbwa wa majini. Panya wanaozunguka ghala la kahawa wanakojoa, mkojo unaingia majini, na humo kuna homa ya mgunda, ule ugonjwa uliozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022 na kuwatisha watu nchi nzima. Mbwa anaupata na anaweza kuwapa watu wa nyumbani. Ipo chanjo ya mchanganyiko yenye distempa, parvo na homa ya mgunda. Ulizia kwa daktari, inarudiwa kila mwaka. Bei yake si ndogo lakini ni chini ya usiku mmoja wa dripu. Ya kichaa cha mbwa, halmashauri nyingi hufanya kampeni karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo ongea mapema na afisa mifugo wa kata yako. Kadi yenyewe ibebe kila unapokwenda. Imenifungulia milango mingi zaidi ya maelezo yangu yote.

Daktari alipompima tena Bosi, alizungusha utepe wa fundi cherehani kwenye paja akalinganisha na alichoandika kwenye faili. Misuli imeongezeka miguu yote miwili, wa kushoto zaidi. Nyonga hazitapona, alirudia hilo ili tusijidanganye, na siku za baridi kali bado anahitaji dawa. Ila anapanda ngazi za baraza na analala mlangoni.

Sasa wenye mbwa wengine wawili wa mtaani kwetu wameomba kujiunga. Mzee amekubali, kwa sharti kwamba mbwa hawaingii pamoja, kila mmoja analipa chake, na wote kadi zao zipite kwanza kwa mkewe, ambaye ndiye anayezisoma kwa makini kuliko mtu yeyote. Tunakwenda Jumamosi mchana. Ijumaa jioni nampigia mzee simu kuuliza kama wamepuliza dawa, na akisema wamepuliza, tunampandisha Bosi polepole kwenye njia ya mlima badala yake, mteremko mdogo, kwenye majani laini.